Kabla Fedha Haijapotea: Maneno kwa Viongozi Wapya wa Vyama vya Msingi

Ndugu Mwenyekiti, Afisa Ushirika wa Wilaya, ndugu wajumbe wa bodi mliochaguliwa juzijuzi, mameneja, wahasibu, makarani wa ghala na mizani: asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni na safari kwa mliotoka vijiji vya mbali.

Nimeombwa nizungumzie misingi ya kuongoza watu na taasisi. Mada hii mmeshaisikia. Mara nyingi huishia kwenye maneno manne, kupanga, kuandaa, kuelekeza na kudhibiti. Mtu anayaandika kwenye daftari la semina, na daftari linabaki ukumbini. Leo naomba tuizungumze ndani ya kitu tunachokijua wote, yaani chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho wa kijijini, tangu gunia linaposhushwa ghalani kijijini mpaka hela inapoingia kwenye akaunti ya mkulima.

Nina jambo moja tu la kuwaambia, na mengine yote nitakayosema yanalitumikia hilo. Katika vyama nilivyovisimamia na kuvikagua, sijaona hata kimoja kilichoanza kufa kwa wizi. Wizi huja baadaye. Kinachotangulia ni watu kutojua nani anaamua nini, nani anampa nani maagizo, na mambo yakiharibika nani atasimama ajibu. Kabla fedha haijapotea, utaratibu unakuwa umeshapotea.

Niwape kisa kimoja cha zamani. Mwaka 1861, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry huko Ufaransa, farasi mmoja aliyefanya kazi chini ya ardhi alivunjika mguu. Mhandisi kijana wa mgodi huo, jina lake Henri Fayol, akaandika hati apewe farasi mwingine. Mtunza zizi akaikataa. Akasema hati haina saini ya mkurugenzi, naye ameamriwa asitoe farasi bila saini hiyo. Mkurugenzi hakuwepo, na hakuna aliyeachiwa madaraka yake. Fayol alimsihi, mtunza zizi akashikilia amri aliyopewa, na kazi katika sehemu ile ya mgodi ikasimama.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Katika kisa hiki hakuna mwizi wala mvivu. Mtunza zizi alitii amri. Mhandisi alitimiza wajibu wake. Mkurugenzi huenda alikuwa na safari halali kabisa. Kila mtu alikuwa sawa, na bado kazi ililala.

Kijana yule hakulisahau jambo lile. Mwaka 1888 akakabidhiwa kampuni nzima ikiwa inaelekea kufilisika, akaiinua, na alipostaafu mwaka 1918 aliiacha imara. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba migodi ilikuwa ileile, mitambo ileile na watu walewale. Kilichobadilika ni namna ya kuendesha. Mwaka 1916 akachapisha kanuni 14 za uongozi wa taasisi, na mpaka leo vyuo duniani kote vinazifundisha. Sitazipitia zote. Mbili zinatosha kutushughulisha asubuhi hii: kwamba madaraka yaende pamoja na wajibu, na kwamba mfanyakazi mmoja apokee maagizo kwa mkuu mmoja.

Sasa turudi kwetu. Lori la kupeleka korosho ghala kuu limefika saa kumi alasiri. Meneja yupo, korosho zipo, magunia yameshonwa. Hati ya kusafirishia mzigo inahitaji saini ya mwenyekiti, na mwenyekiti ameenda kwenye msiba Lindi. Simu haipatikani. Dereva anasubiri mpaka usiku, anaondoka na mzigo wa chama kingine. Mzigo wenu unakosa mnada wa wiki hiyo, na mnada unaofuata bei inaweza kuwa imeshuka. Msibani lazima mtu aende, hilo halina mjadala. Ninachouliza ni kwa nini chama chenye wanachama mia tano kimesimama kwa sababu mtu mmoja amezika ndugu yake.

Kwa hiyo kwenye kila saini, kila ufunguo na kila idhini, pawe na mtu wa pili anayejulikana kwa maandishi. Yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha bodi, na benki ipewe majina. Wapo wenyeviti wanaoona kwamba kumteua mtu wa pili ni kujipunguzia heshima. Naomba mlitazame kwa upande mwingine. Mwenyekiti ambaye chama kinakwenda hata akiwa hayupo, huyo ndiye ameongoza.

Nije kwenye mpaka kati ya bodi na meneja, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vyama vingi vinapoumia.

Bodi imechaguliwa na mkutano mkuu. Kazi yake ni kuamua chama kinaelekea wapi, kuandaa makisio ya mapato na matumizi yapelekwe kwa wanachama, kumwajiri meneja, kumsimamia na kumwondoa ikibidi. Meneja ameajiriwa. Kazi yake ni kutekeleza, kila siku, ndani ya kile kilichoamuliwa. Maneno haya ni mepesi kuyasema hapa ukumbini. Ghalani, msimu ukiwa umepamba moto, yanakuwa mazito.

Mjumbe wa bodi anaingia ghalani saa tatu asubuhi. Foleni ni ndefu. Anamwona shemeji yake kule nyuma na gunia zake kumi na mbili. Anamwambia karani wa mizani, mpime huyu kwanza, anawahi. Karani anampima. Kesho yake anakuja mjumbe mwingine, anamwambia karani korosho za fulani zina unyevu kidogo tu, zipitishe daraja la kwanza. Meneja naye ameshamwagiza asipokee korosho yoyote ambayo haijakauka. Karani afanye nini? Huyu ni kijana wa miaka ishirini na nne, ameajiriwa kwa msimu, na wote watatu wana uwezo wa kumfukuza. Atamsikiliza aliye karibu naye kwa wakati huo. Siku mzigo utakapopimwa tena ghala kuu na kuonekana umepungua uzito au umeshushwa daraja, mjumbe wa kwanza atasema hakuwepo, wa pili atasema yeye si mtaalamu, meneja atasema aliagiza vingine. Atakayeandikiwa barua ni yule kijana.

Wazee wetu wa pwani walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Karani wa mizani awe na mkuu mmoja, naye ni meneja. Mjumbe wa bodi akiona kasoro ghalani, na ni haki yake kuiona, amwambie mwenyekiti, mwenyekiti amwambie meneja. Mtaniambia ni mzunguko. Ni mzunguko kweli, lakini ndani yake kila agizo lina mwenyewe, na kosa likitokea tunajua pa kuuliza.

Na upande wa pili wa jambo hilo: ukimpa meneja wajibu, mpe na madaraka yake. Nimeona bodi inayomdai meneja maelezo ya kila shilingi huku haimruhusu kununua hata sindano na kamba za kushonea magunia bila kikao. Kila kikao kina posho. Kwa hiyo kamba za shilingi elfu hamsini zinanunuliwa kwa posho za shilingi laki mbili. Wekeni kiwango. Mpaka kiasi fulani meneja anaamua peke yake na kuleta risiti. Zaidi ya hapo anakuja kwenye bodi. Zaidi ya pale ni mkutano mkuu, kama ambavyo ukomo wa madeni huidhinishwa na mkutano mkuu. Kiwango kiwe kwenye karatasi, na karatasi ibandikwe ukutani ofisini.

Nimemtaja karani wa mizani mara nyingi, na sijafanya hivyo kwa bahati. Ushirika wa nchi hii umezaliwa mizanini. Kule Kanda ya Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kilo na wafanyabiashara, wakaanza kuweka watu wao wa kuhakiki uzito. Kutoka kwenye jitihada hizo, chini ya viongozi kama Paul Bomani, kikakua chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, cha Victoria Federation, ambacho kilitajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Kabla yao Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wameunda umoja wao wa wakulima wa kahawa mwaka 1925, ukazaa chama kikuu cha KNCU mwaka 1933. Hawa wote walitaka jambo moja la kawaida kabisa: mzigo wangu upimwe kwa haki, na nilipwe thamani yake. Mkulima akipunjwa leo na mizani ya chama chake mwenyewe, tumemrudisha kulekule babu yake alikotoka, na safari hii aliyempunja ni yule aliyempigia kura. Nalisema hili kwa uchungu.

Tufanye hesabu, ni mfano tu. Chama kinakusanya tani 400 kwa msimu. Ukigawa kwa gunia la kilo 80, ni magunia 5,000. Kila gunia likifika ghala kuu limepungua nusu kilo, chama kimepoteza kilo 2,500. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni shilingi milioni saba na nusu. Sehemu ya upungufu huo ni unyaufu wa kawaida, korosho inakauka na kupungua uzito. Sehemu nyingine huenda ni mizani mbovu, gunia lililotoboka, au mkono wa mtu. Chama kisichogawa wajibu hakiwezi kutofautisha hizo, kwa hiyo kinaziita zote unyaufu na kumkata mkulima. Chama kilichogawa wajibu kinajua mzigo wa Jumanne ulipimwa na nani, ulilindwa na nani usiku ule, ulipakiwa mbele ya nani. Kinaweza kuuliza.

Kugawa wajibu maana yake pia ni kwamba anayepima asiwe ndiye anayetunza ufunguo wa ghala, na anayeandaa orodha ya malipo asiwe ndiye anayeiidhinisha. Kwenye chama kidogo mtasema watu hawatoshi. Wanatosha kuliko mnavyodhani. Ufunguo mmoja meneja, mwingine mjumbe mmoja wa bodi, kufuli mbili mlango mmoja. Wala hii haimaanishi kwamba mnamshuku mtu. Mtu mwaminifu anahitaji ulinzi huu kuliko mwingine yeyote, kwa sababu siku mzigo ukipungua, daftari ndilo litakalomtetea.

Kuhusu kuajiri nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mnajua ninachotaka kusema. Kijijini sote ni ndugu. Ukikataa kumwajiri mtoto wa ndugu huenda usipate wa kumwajiri kabisa. Sina ugomvi na undugu. Nina ugomvi na kazi isiyotangazwa, usaili usiofanyika, na kijana anayeanza kazi bila barua ya ajira, bila kuandikiwa majukumu, bila mdhamini. Tangazeni nafasi msikitini, kanisani, kwenye ofisi ya kijiji. Mpeni kila mwombaji hesabu za kufanya na mizani ya kusoma. Mjumbe mwenye ndugu yake kati ya waombaji atoke nje ya chumba. Mtoto wa mwenyekiti akishinda hapo, ameshinda kihalali na hakuna wa kumsema.

Na mlipeni kwa wakati. Huyu mtu anashika korosho za mamilioni ya shilingi kila siku, na wewe unamwambia mshahara wake tutaona msimu ukiisha. Anakula nini Oktoba na Novemba? Mnamweka mtu mwenye njaa alinde chakula, halafu mnashangaa. Kama chama hakina uwezo wa kulipa makarani wanne kila mwezi, kiajiri wawili kiwalipe.

Liko jambo la heshima, nalo si dogo. Mwaka 1971 TANU, chama cha siasa kilichokuwa kikitawala, kilitoa Mwongozo, na ndani yake kiongozi alikatazwa majivuno, ufedhuli na uonevu kwa anaowaongoza. Miaka iliyofuata wafanyakazi katika viwanda kadhaa vya nchi hii waliacha kazi, na mara nyingi dai lao la kwanza halikuwa mshahara. Walidai kwamba meneja anawatukana, anawadharau, anawafukuza bila kuwasikiliza. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel Dar es Salaam, walifika mpaka kukishika kiwanda wenyewe. Nawakumbusha kwa sababu kizazi hiki kinadhani mfanyakazi huvunjika moyo kwa hela tu. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo ambao ameelezwa sababu yake. Kuvumilia kutukanwa mbele ya wakulima waliopanga foleni, mbele ya mama mkwe wake, hawezi. Akikosea muite ofisini, funga mlango, mwambie kosa lake kwa tarehe na kwa daftari, msikilize, kisha amua. Akifanya vizuri, hapo fungua mlango, na foleni isikie.

Sasa wanachama. Nimewaacha mwisho kwa sababu wao ndio wenye chama, na kwa sababu historia yetu ina somo gumu hapa. Baada ya uhuru vyama viliongezeka kwa kasi kubwa, ndani ya miaka michache idadi yake ilikaribia kuwa maradufu. Mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati maalumu ya kuvichunguza pamoja na bodi za mazao. Kamati ilikuta wanachama hawaelewi mambo ya vyama vyao, watumishi wenye ujuzi hawatoshi, demokrasia imepungua kwenye vyama vikuu, na siasa zinaingilia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vikavunjwa, kazi yao wakapewa vijiji na mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Mwaka 2000 Rais akaunda tena kamati ya kushauri namna ya kufufua ushirika, zikafuata sera ya 2002, sheria ya 2003, na hii tunayoitumia leo, ya 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Ukiyasoma mambo yaliyolalamikiwa miaka ya 1960 unaweza kudhani yameandikwa kuhusu kijiji chako mwaka jana. Sheria zimebadilika mara nyingi, lakini mwanachama asiyejua bado yupo. Na mwanachama asiyejua hawezi kumsaidia kiongozi mwema wala kumzuia kiongozi mbaya. Anachoweza ni kunung'unika, na manung'uniko yakizidi anamuuzia kangomba, mnunuzi wa magendo, usiku.

Mkulima anataka kujua mambo machache. Kilo zangu zilikuwa ngapi, ziliuzwa mnada wa tarehe gani, kwa bei gani, zimekatwa nini na kwa idhini ya nani, nimebaki na ngapi. Mnada siku hizi unaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), bei inajulikana dakika ileile. Hakuna sababu ya mkulima wa Nanyamba kuisikia bei hiyo kwa wauza duka kabla hajaisikia kwa chama chake. Andikeni kwenye ubao wa ofisi, kwa chaki, herufi kubwa, siku ileile ya mnada. Kila makato yawe na mstari wake. Msiandike "makato mbalimbali". Hayo maneno mawili yameua imani kuliko wezi wote niliowahi kuwakuta.

Na ripoti ya ukaguzi isomwe kwenye mkutano mkuu yote, hata kama hati aliyotoa mkaguzi si nzuri. Najua inavyouma. Niliwahi kuhudhuria mkutano wa chama kimoja ambapo mwenyekiti alisoma mbele ya wanachama hoja zote za mkaguzi, moja baada ya nyingine, na kila moja akaeleza nani alihusika na itarekebishwa lini. Watu walipiga kelele, wengine walitaka ajiuzulu palepale. Mzee mmoja akasimama akasema, huyu ametusomea, waliopita walitufichia, mwacheni amalize kazi. Wakamwacha, na mwaka uliofuata hoja zilikuwa chache.

Ndugu Mwenyekiti, msimu unakaribia na maghala yanasafishwa. Sitaki tumalize kwa makofi halafu kila mtu apande bodaboda yake. Baada ya chakula naomba kila mwenyekiti akae na meneja wake, chama kwa chama, na karatasi moja tu. Waandike: nani anashika funguo za ghala na nani wa pili wake, nani anamwagiza karani wa mizani, meneja anaruhusiwa kutumia kiasi gani bila kikao, nani anasaini hati za mzigo mwenyekiti asipokuwepo, nani ataandika bei ubaoni siku ya mnada. Pale mtakapobishana wekeni alama, msilifiche, kwa sababu hapo ndipo mzigo wenu utakapopotelea mwezi wa kumi. Afisa Ushirika na mimi tutapita meza kwa meza. Karatasi hiyo mtarudi nayo, bodi iipitishe, na isomwe kwenye mkutano wa wanachama kabla gunia la kwanza halijapimwa.

Tunaanza saa nane kamili, na tutaanza na swali la funguo.